Saa Iliyogonga Mara Saba

Ting-tang.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na najua kuna waliokosa raha wiki nzima. Msomaji mmoja alinisimamisha mbele ya duka la vitabu akitaka nimnong'oneze kilichofuata. Nilimwambia asubiri gazeti kama wenzake.

Basi tuendelee. Kibano alikuwa mezani kwa chakula cha mchana, kijiko kiko njiani kuelekea mdomoni, ndipo saa iliyopotea ikalia humo humo chumbani, karibu kabisa, kama vile imefichwa chini ya sahani.

Kwa wageni wa hadithi hii: Kibano ni fundi saa, binti wa fundi saa. Jina hilo amelipata kwa sababu kibano chake cha kazi hakimtoki mkononi hata akichambua mchele. Baba yake, Mzee, yuko rumande tangu siku mjane wa rubani alipokuja dukani kuchukua saa ya marehemu mumewe na kuambiwa haipo. Haipo vipi? Mzee hakueleza. Polisi wamemuuliza, bintiye amemuuliza, na yeye amefunga mdomo kama kopo.

Mpelelezi amempa Kibano hadi jioni ya leo. Saa ikionekana, mjane yuko tayari kuyaacha. Isipoonekana, kesho asubuhi Mzee anapandishwa kizimbani kwa wizi, na kwa kifua kile anachokohoa, hakuna anayedhani atatoka jela kwa miguu yake.

Mezani walikuwa watatu tu. Kibano mwenyewe. Mumewe Breki, dereva wa gari la wagonjwa, aliyepewa jina hilo na wenzake kwa sababu hajui kuikanyaga. Na Shangazi, dada yake Mzee, fundi cherehani, amekaa na aproni yake ya kazini, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni.

Breki alikuwa katikati ya kicheko chake kikubwa sauti ile ilipolia, kwa hiyo Kibano aliambulia mkia tu: ting-tang, ting-tang. Lakini mkia ulimtosha. Ile sauti nene ilikuwa na mkwaruzo mwishoni, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusalimia.

Aliujua mkwaruzo ule. Siku mjane alipoileta saa dukani, Mzee aliijaribu mbele yao wote, na Kibano akasema hiyo kasoro ataitoa. Mjane akamshika mkono. Akasema asithubutu, marehemu naye alikuwa akiamka asubuhi na sauti ya hivyo hivyo.

Kibano alirudisha kijiko kwenye sahani. Aliinua macho akaanza kutazama mikono.

Kwa nini mikono? Kwa sababu Mzee alimlea bintiye kwa saa zinazolia, na alikuwa akimwambia kwamba ziko za namna tatu na zote zina tabia za watu. Ya kwanza ni saa ya kuamsha. Hiyo ni jirani mwenye kelele: unampangia wakati, akifika anapiga makelele mara moja, kisha analala hadi kesho. Ya pili ni saa ya kuulizwa. Hiyo ni mgeni mwenye adabu, hasemi hadi asemeshwe. Unasukuma kidude kilicho ubavuni mwake, naye anakujibu: saa kwa sauti nene, robo kwa sauti mbili mbili, dakika kwa sauti nyembamba, kisha ananyamaza.

Ya tatu ni saa ya kujisemea. Hiyo, alisema Mzee, ni mama mkwe. Haingoji kuulizwa. Kila robo saa inatoa maoni.

Saa ya mjane ilikuwa ya kuulizwa, hata mjane mwenyewe alisema hivyo polisi. Sasa kama imelia, basi kuna mkono ulioiuliza. Mkono mmoja hapo mezani ulikuwa umeteleza.

Mikono ya Shangazi ilikuwa juu ya meza, inapapasa mkate. Mkono wa kushoto wa Breki ulishika glasi. Wa kulia haukuonekana.

"Toa mkono," Kibano alisema.

Breki alijichekesha. Akauliza mkono gani, kwani ana mingapi. Akasema mke wangu kula, chakula kinapoa. Maneno yalimtoka mengi kuliko swali lilivyohitaji, na wewe msomaji uliyeoa au kuolewa unajua maana yake.

Kibano hakubisha. Alizunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Breki akautoa mkono polepole. Ndani ya kiganja kulikuwa na saa.

Baba yake analala sakafuni rumande, na yeye anamtandikia mwizi kitanda kila siku?

Akainyakua. Akaigeuza. Akaitupa mezani kwa ghadhabu, maana haikuwa yenyewe. Ilikuwa saa ya mkono, mpya, ya kuamsha. Aliipangia wakati wa sasa hivi, akaiacha ilie: ikanguruma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Nyundo moja, sauti moja, haina robo wala adabu. Hata mtoto asingeichanganya na ile.

Lakini alikuwa ameona kitu kingine. Kabla hajaugusa mshale wa kuamshia, ulikuwa umepangwa alfajiri, na kwenye kioo hapo palikuwa na alama ya kidole chenye mafuta.

Breki yuko likizo. Mtu aliye likizo anaamka alfajiri kwenda wapi, tena kwa saa anayomficha mkewe?

Alipobanwa, Breki alikiri kwamba amekuwa akienda kwa mjane. Kumbembeleza, alisema. Mjane huamka mapema kumwagilia maua yake, na yeye huenda kumwombea Mzee msamaha kabla watu hawajaanza kupita barabarani. Hakutaka kumwambia Kibano kwa kuwa alijua hatapenda. Hapo hakukosea. Kibano hakupenda hata kidogo.

"Na anakujibu nini huyo unayembembeleza alfajiri?"

"Anasema hataki saa, Kibano." Breki alitazama meza. "Anataka kuisikia tu. Anasema kila usiku mumewe alikuwa anaiuliza, wanasikiliza wote, ndipo wanazima taa. Tangu afe hajalala vizuri."

Kibano alitaka kumwamini. Alimtazama usoni akitafuta ule uso alioolewa nao, akaukuta, lakini ulikuwa na jasho juu ya mdomo. Mtu anayesema kweli anatokwa jasho la nini kwenye chumba chenye feni?

Alikuwa anafungua mdomo amuulize hilo hilo.

Tang.

Wote watatu walikuwa wametulia. Breki ameshika meza kwa mikono miwili. Shangazi anashika glasi. Kibano amejishika kiuno. Hapakuwa na mkono uliojificha, na hakuna aliyeiuliza saa chochote.

Tang. Tang. Safari hii hapakuwa na kicheko cha kuifunika, na Kibano alihesabu. Sauti nene ilipiga mara saba. Kisha zikaja zile za mbili mbili, mara tatu, kisha kimya.

Kibano alivuta kiti akakaa. Mambo mawili yalikuwa yamemgonga kwa pamoja, na nitayasema moja moja ili tusipotezane.

La kwanza: hii haikuwa saa ya kuulizwa. Ilikuwa imejisemea. Tena katika zile za kujisemea ziko zenye uvivu, ambazo robo ikifika zinataja robo tu, na ziko zisizochoka, ambazo kila robo zinarudia na saa yenyewe tangu mwanzo. Hii haikuchoka. Hii ilikuwa mashine yenye kazi nyingi kuliko ya rubani, yenye springi ya pili kwa ajili ya kulia peke yake, na kwenye duka lao haikuwahi kuingia kitu kama hicho.

Lakini sauti ilikuwa ile ile. Mkwaruzo ule ule, pengine imepanda kidogo, kama mtu umjuaye anapokuita kutoka chumba cha pili. Sauti ya marehemu kwenye mwili wa saa nyingine.

La pili: ilikuwa inakaribia saa nane mchana. Na saa yoyote iliyotengenezwa na binadamu, ukiipanga ipasavyo, wakati wa saa saba hupiga mara moja. Mshale unasimama kwenye moja, nyundo inapiga moja, na sisi wenyewe ndio tunaojua kwamba hiyo ni saa saba. Hii ilipiga saba. Kuna mtu ameisogeza ili iseme kama watu wanavyosema.

Mzee alikuwa hapendi jambo hilo. Mteja akileta saa iliyopangwa hivyo, humrudishia ikiwa imesahihishwa, pamoja na mahubiri. Ni fundi gani basi angeipanga saa namna hii? Ni yule tu anayempangia mtu asiyeweza kuutazama mshale na kujihesabia mwenyewe. Mtu wa kusikia tu.

Kibano aligeuka taratibu kumtazama Shangazi.

Alikumbuka sindano. Miezi mingi sasa Shangazi amekuwa akimpa atunge uzi, akisema mikono imemchoka. Alikumbuka zipu iliyoshonwa upande, na mteja aliyeondoka amenuna. Leo hii maji yamemiminwa pembeni ya glasi, na Kibano alidhani mkono unatetemeka kwa sababu una siri. Kumbe ni kweli una siri, ila si aliyoidhania.

"Shangazi. Kwenye mfuko wa aproni una nini?"

Mama wa watu hakubisha. Alitumbukiza mkono penye chaki na pini, akatoa saa ya mfukoni, nene na nzito, akaiweka kupita kidogo mahali meza ilipoishia. Breki aliidaka kabla haijafika chini.

"Macho yamekwenda, mwanangu," Shangazi alisema. "Kwanza lile, sasa na hili. Baba yako peke yake ndiye anayejua."

Akasimulia yote, bila kulia, huku anakunja utepe wake na kuukunjua. Alimkataza kaka yake kusema, maana wateja wakijua fundi cherehani haoni, cherehani inauzwa. Ndipo kaka akamtengenezea saa. Mashine yake kaka alikuwa nayo zamani, kabla ya kufungua duka, imekufa, haina sauti. Akaifufua. Akamfundisha kuijaza ufunguo: kuzungusha mbele kwa mwendo, kuzungusha nyuma kwa sauti. Na ubavuni kuna kidude cha kuinyamazisha, na mbele za watu hukisukuma inyamaze. Leo vidole vimemdanganya.

Alisema pia, kwa fahari, kwamba sauti ndiyo ilimsumbua sana kaka yake. Alijaribu waya za kila namna, zote zikalia kama kijiko kwenye kikombe cha plastiki. Kisha siku moja akaja anacheka, akasema amepata.

Kibano alichukua kibano chake na kioo cha jicho. Akafungua mfuniko wa nyuma.

Waya mbili za chuma, zile zinazogongwa na nyundo ili zilie, zilizunguka mashine, nzuri, za kizamani, za rangi ya buluu. Lakini ncha zake zilikuwa nyeupe. Zimekatwa karibuni, zikasuguliwa kwa tupa ili zienee kwenye mwili mdogo kuliko ule zilizozaliwa nao. Ndiyo maana sauti ilipanda. Na waya ikishakatwa hairudi ilikotoka, hata fundi awe nani.

Nataka uelewe alichokiona binti huyu. Wiki nzima amekuwa akiapa mbele ya kila afande kwamba baba yake si mwizi. Sasa ushahidi anao mkononi, na ushahidi unasema ni mwizi. Amechukua sauti ya mume wa mtu akampa dada yake.

Alifunga mfuniko. Alimpenda baba yake wakati huo kuliko wakati wowote, na alitamani kumpiga.

"Ichukueni," Shangazi alisema. "Mpelekeeni huyo mama, kaka yangu atoke."

Kibano alimweleza kwa upole kwamba haifai. Hii si saa ya mjane. Kuipeleka ni kwenda kumwonyesha mpelelezi namna wizi ulivyofanyika. Alipokuwa akisema hayo, alisahau kuuliza swali la maana kuliko yote: kama waya ziko hapa, mwili wa saa ya rubani uko wapi?

Swali hilo lilibisha hodi lenyewe.

Breki alifungua mlango haraka mno, kama aliyekuwa anangoja. Akaingia mpelelezi, anatabasamu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nyuma yake aliingia mjane wa rubani, mwembamba, amekumbatia mkoba wake kifuani. Kibano alipata sekunde ya kuirudisha saa mfukoni mwa aproni na kuubonyeza mkono wa Shangazi. Shangazi akaelewa. Kidole gumba chake kikaingia mfukoni, kikasukuma kidude cha kunyamazisha. Akaitikia kwa kichwa: tayari.

Mpelelezi alisema amekuja na habari njema. Saa imepatikana. Alfajiri ya leo mama huyu ameikuta getini kwake, imefungwa kwenye kitambaa. Nani kaileta hajulikani, lakini mama hana haja ya kesi, na Mzee ataachiwa leo hii. Kimebaki kitu kimoja: mwenye saa aitambue mbele ya fundi.

Kibano alihisi machozi yanapanda, kisha yakasimama njiani. Baba yuko ndani. Baba hawezi kufika getini kwa mtu. Bila kutaka, jicho lake lilikwenda mezani, kwenye ile saa ya kuamsha iliyokuwa bado imelala kando ya sahani. Kisha likaenda kwa mumewe, na mpelelezi akalifuata kwa lake. Breki alikuwa anatazama sakafu.

Mjane alitoa saa kwenye mkoba. Kwa hakika ilikuwa ya marehemu, mfuniko wake umelika pale kidole gumba kilipokuwa kikishika miaka yote. Akatabasamu kwa aibu kidogo, kama mtu anayetaka kumsemesha mpenzi wake mbele za wageni. Akasukuma kidude.

Tk.

Tk, tk. Tk, tk. Nyundo zilikuwa zinapiga hewa. Saa ilitaja kila kitu, kwa uaminifu, bila sauti.

Mjane alikisukuma tena. Akaiweka sikioni. Uso wake ulibadilika polepole, na Kibano hakuweza kuutazama.

"Naye amekufa?" mjane aliuliza.

Kibano hajawahi kusema uongo juu ya saa. Siku hiyo alisema. Alisema imepata vumbi, imechoka tu, Mama aiache kwake ataishughulikia. Aliona mabega ya mjane yakishuka kwa matumaini, akajichukia. Mpelelezi aliridhika. Alijipapasa mifuko akitafuta funguo za gari, akawaambia wajiandae kumpokea mzee wao.

Dakika mbili zaidi, msomaji. Walihitaji dakika mbili tu wageni wale watoke.

Lakini kidude cha saa ya kujisemea kina vituo vitatu, si viwili. Cha kwanza, inasema yote kila robo. Cha mwisho, inanyamaza kabisa. Katikati kuna kile cha uvivu: robo ikifika inataja robo tu. Ila saa kamili ikitimia, hata katika uvivu wake, inaitaja saa yote, pigo kwa pigo. Kidole cha Shangazi, kwa haraka na bila macho, kilikuwa kimesogea kituo kimoja tu.

Ilitimia saa nane.

Tang.

Mjane alikuwa mlangoni. Alisimama.

Tang, ikasema aproni. Tang. Kila pigo na mkwaruzo wake, kwa utaratibu, kama mtu asiyeharakishwa na yeyote. Shangazi alibana mfuko kwa mikono miwili, na sauti ikapita katikati ya vidole vyake. Hakuna aliyesogea hadi la nane lilipokwisha.

Mjane alirudi chumbani. Alimpita mpelelezi, akampita Kibano kana kwamba ni kiti, akapiga magoti mbele ya Shangazi na kuegemeza sikio lake kwenye ile aproni yenye chaki na pini. Shangazi hakuona ni nani aliyepiga magoti. Alimsikia tu analia, akamwekea mkono kichwani.

"Huyu ni mume wangu," mjane alisema. "Msimnyamazishe."

Kibano alimgeukia mpelelezi amtetee baba yake. Lakini mpelelezi hakuwa akiitazama aproni. Alikuwa amesogea mezani, ameshika ile saa ya kuamsha, anazungusha mshale wake mdogo kurudi kule kwenye alama ya kidole chenye mafuta, palipo alfajiri.

Alirudi mlangoni, akaufunga kwa kisigino.

"Dereva," alisema. "Nani alikuambia mahali Mzee alipoificha saa ya huyu mama?"

Breki alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, Kibano aliomba mumewe asijibu.